Taa nyekundu kwenye mtambo wa simu: nani alipe?

MFANYABIASHARA anayepokea oda kwa simu hupata hasara mara mbili mtambo wa ofisi unapokorofisha. Kwanza ni mteja anayepiga, akakuta bize, akahamia duka la jirani. Pili ni fundi anayeitwa haraka, akalipwa nauli na ujira, kisha akasema tatizo liko kwa kampuni ya simu. Hasara hiyo ya pili inaepukika, kwani mtambo wenyewe, ule mafundi wanaouita PABX, hueleza kosa liko upande gani.

Mitambo mingi mikubwa hugawa tahadhari katika ngazi tatu. Hitilafu kubwa ina maana huduma imekatika au inakaribia kukatika. Hitilafu ndogo ni kama kadi moja iliyokufa huku nyingine zikifanya kazi. Ya tatu ni onyo tu, ambalo laweza kutokana na mtu aliyechomoa simu mezani kwake. Kuita fundi usiku kwa ajili ya onyo ni kutupa fedha.

Penye utata zaidi ni laini za nje. Ofisi zenye shughuli nyingi hukodi laini ya E1, inayobeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja. Laini hii ikiharibika mtambo hutoa tahadhari ya rangi. Nyekundu: mtambo haupokei kutoka nje mawimbi unayoyaelewa. Njano: ofisi inapokea vizuri, ila upande wa pili hauipati ofisi. Buluu: kifaa kilichoko njiani kimepoteza mawasiliano na kilicho nyuma yake, nacho kinatuma alama ya kujaza nafasi.

Kwa lugha ya fedha, buluu karibu kila mara ni mzigo wa kampuni ya simu. Njano huanzia kukaguliwa kwenye waya unaotoka ofisini. Nyekundu ndiyo huzua ubishi, lakini kipimo chake ni rahisi: fundi achomoe kebo ya nje na kuunganisha njia ya kutumia na ya kupokelea ya mtambo huo huo. Taa ikizimika, mtambo ni mzima na kosa liko nje yake. Isipozimika, mwenye ofisi aandae fedha za kadi.

Zipo pia namba anazoambulia mpigaji au zinazobaki katika kumbukumbu ya mtambo. Namba 17 ni kwamba anayepigiwa anatumia simu. Namba 34 ni kwamba hakuna njia iliyo wazi. Hii ya pili huchukuliwa kuwa ubovu, kumbe mara nyingi si ubovu. Ikijitokeza kila asubuhi wakati wa bei kufunguliwa na kutoweka mchana, laini hazitoshi, na hakuna fundi atakayeitibu. Ni suala la kupiga hesabu kama oda zinazopotea zinazidi kodi ya laini za ziada.

Ofisi zilizohamia simu za intaneti zina namba nyingine, zilizomo katika kanuni zilizochapishwa 2002. Namba 486 ni bize, 404 namba haipo, 408 upande wa pili haukujibu kwa wakati, 503 mtoa huduma amezidiwa au amesimamisha huduma kwa muda.

Ya kuchungwa kuliko zote ni 401. Ikitokea mara moja simu inapojisajili ni kawaida, kwa kuwa mtambo unadai nywila. Zikitokea mamia kwa dakika chache kutoka anwani ya nje, kuna mtu anabahatisha nywila ili apige simu za ng'ambo kwa gharama ya ofisi. Wezi hawa hupenda usiku na siku za mapumziko, na kwa kawaida kampuni ya simu humdai mwenye mtambo, si mwizi. Nywila za 1234 na 0000 ndizo mlango wao. Ofisi isiyopiga nje ya nchi ifunge njia hiyo kabisa. Kazi hiyo ni ya dakika chache.

Anayeripoti hitilafu aandike saa, rangi au namba iliyoonekana, na matokeo ya kipimo cha kebo, kisha adai namba ya taarifa. Bila hiyo, madai ya kupunguziwa ankara kwa siku ambazo laini ilikufa hayana pa kusimamia.