Kuchagua Divai: Kemia Iliyomo Ndani ya Chupa

Jioni moja kamati ya harusi ya mpwa wangu ilikutana uani kwa dada yangu, Mwananyamala, katika Wilaya ya Kinondoni. Baada ya kumaliza hesabu ya mchele, nyama na viti, likazuka suala la divai ya wageni. "Mjomba," akasema bwana harusi mtarajiwa, "wewe umesoma Ulaya miaka mingi; kazi ya kuchagua divai tunakuachia." Wajumbe wakaafiki kwa makofi. Sikuwa na ujasiri wa kuwaambia kwamba huko Ulaya nilisomea kemia, na kwamba divai niliyoijua ni ile niliyokaribishwa tu. Kesho yake nikasimama dukani mbele ya rafu ya chupa kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza mbele ya jedwali la elementi.

Makala haya hayakusudii kumshawishi mtu yeyote anywe, na kijana aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa kileo. Kusudi ni kuonyesha kwamba jambo linalodhaniwa kuwa siri ya mabwana wakubwa laweza kufafanuliwa kwa kemia ya sekondari.

Sukari inapogeuka

Zabibu mbivu ina sukari za aina mbili, glukosi na fruktosi. Ikipondwa, hamira huzila sukari hizo na kutoa ethanoli na kabonidayoksaidi. Ndiyo kanuni ile ile inayotupatia tembo la mnazi huku pwani, mbege kule Kilimanjaro na ulanzi kule Iringa. Louis Pasteur, ambaye mwaka 1863 aliombwa na mfalme Napoleon III wa Ufaransa achunguze kwa nini divai huharibika, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba hamira ni kiumbe hai. Alieleza pia kwamba vijidudu vingine, vikipata hewa, huigeuza ethanoli kuwa asidi ya siki.

Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu huzaa asilimia moja ya kileo. Basi maji yenye gramu 204 kwa lita, sukari yote ikiliwa, hutoa divai ya asilimia 12. Divai ya namna hiyo huitwa "kavu", si kwa sababu haina maji, bali kwa sababu sukari imekwisha. Kwa kanuni za Ulaya, divai kavu kwa kawaida haizidi gramu 4 za sukari kwa lita, na divai tamu huanzia gramu 45. Kati ya hizo mbili kuna daraja za utamu wa kiasi.

Vipimo vinne vya ulimi

Anayeanza hahitaji kukariri majina ya mashamba ya Ufaransa. Ana mambo manne tu ya kupima, na mtoto wa Dar es Salaam ameyajua yote tangu utotoni.

La kwanza ni utamu, unaotokana na sukari iliyobaki. La pili ni uchachu wa asidi, kama ule wa ndimu au ukwaju. La tatu ni ukakasi, kama ule wa bibo la korosho au wa chai ya rangi iliyokaa mno jikoni. Ukakasi huletwa na tanini, kemikali zinazoshikamana na protini za mate hata ulimi ukahisi kukwaruzwa. La nne ni ule moto unaoshuka kooni, yaani nguvu ya ethanoli.

Tanini nyingi hukaa katika maganda na mbegu. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, kwa hiyo ina rangi na ukakasi. Divai nyeupe hutenganishwa na maganda mapema, na aghalabu huwa laini zaidi. Hivyo mtu anayekunywa chai yenye sukari nyingi afadhali aanze na nyeupe yenye utamu wa kiasi. Anayependa chai ya rangi isiyo na sukari hatashtushwa na nyekundu kavu. Chupa haikosi asilimia ya kileo katika kibandiko chake, na mara nyingi daraja ya utamu imeandikwa hapo pia.

Bei na joto

Je, bei haitoshi kutuongoza? La. Bei ya chupa ya kigeni imebeba nauli ya meli na ushuru. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa nchini umekuwa mdogo zaidi kwa divai ambayo zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za hapa. Chupa ya Dodoma yaweza basi kuwa rahisi bila kuwa dhaifu. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu na digrii 6 kusini mwa Ikweta. Kwa kuwa hapana majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima hupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyekundu mashuhuri ya huko huitwa Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zao hilo.

Kuna adui mwingine ambaye wanunuzi wa Dar es Salaam humsahau, naye ni joto. Divai huhifadhiwa vizuri kwenye nyuzijoto kama 12 hadi 15 za Selsiasi. Rafu ya duka letu yaweza kupita 30. Kwa kanuni ya kukadiria, mwendo wa mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka takriban maradufu kwa kila nyongeza ya nyuzijoto 10. Chupa iliyokaa mwaka mzima dirishani imezeeka kama iliyokaa miaka mitatu au minne mahali pa baridi. Isitoshe, divai ikipata moto hutanuka na kusukuma kizibo, na hewa hupata njia. Kwa hiyo niliziacha chupa zilizopangwa juani kwa urembo, nikaomba zile za kivulini. Kizibo kilichochomoza, au michirizi ya divai shingoni mwa chupa, ni dalili ya kuiacha.

Hesabu ya mwisho

Nilirudi kwenye kamati na divai mbili za Dodoma za kuonjwa, na hesabu moja. Wajumbe walikuwa wamepanga chupa moja kwa wageni wawili. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina mililita 90 za ethanoli, yaani gramu 71 hivi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Chupa moja ya divai ni sawa na bia tatu na nusu na zaidi. Kila mgeni angekunywa gramu 36 hivi, na ini la mtu mzima huondoa kiasi cha gramu 7 hadi 10 tu kwa saa. Sherehe ikiisha saa sita usiku, nani angeshika usukani?

Nikawakumbusha pia kwamba mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na madhara kwa afya. Dada yangu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Basi madafu yaongezwe." Tukakata shauri chupa moja kwa watu sita, glasi moja kila mmoja, na wenye kuendesha magari wapewe madafu.

Jaribio la darasani

Walimu waweza kulifundisha somo hili bila tone la kileo. Chukueni bilauri tatu za maji safi, na kila moja itiwe kijiko kimoja cha maji ya ndimu. Ya kwanza isitiwe sukari, ya pili itiwe kijiko kimoja, ya tatu vijiko vitatu. Wanafunzi waonje na kuzipanga kwa uchachu, kisha wapime asidi kwa karatasi ya litmasi. Ulimi utasema zinatofautiana. Litmasi itasema ni sawa. Sukari huficha asidi bila kuiondoa. Atakayelielewa hilo hatadanganywa kwa urahisi na utamu wa chupa yoyote.