Mti Upi, Upandwe Wapi, na ni wa Nani?

Kila mwaka masika yanapokaribia tunasikia wito ule ule: pandeni miti. Ni wito mzuri, nami siupingi hata kidogo. Serikali imeitaka kila halmashauri nchini ipande miti isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka, na mvua zikianza tutaona magari yamesheheni miche, wanafunzi wamepangwa mistari, na viongozi wameshika majembe mbele ya kamera. Lakini miezi sita baadaye ni nadra kumsikia mtu akiuliza maswali mawili rahisi. La kwanza, ni miche mingapi imepona? La pili, ilikuwa miche ya mti gani, na nani aliuchagua? Leo nataka kuzungumzia swali hili la pili, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo lenye jibu la lile la kwanza.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa jembe. Kwa mti si hivyo. Jembe baya utalitupa msimu ujao, lakini mti mbaya utaishi nao miaka 40, na pengine utamwachia mjukuu wako tatizo badala ya urithi.

Ili tusizungumze hewani, hebu tuchukue mahali pamoja tupatazame. Nimechagua Miono. Miono iko kaskazini ya Mto Wami, katika Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo. Kuelekea baharini ipo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, na katika hifadhi hiyo umo msitu wa Zaraninge, mmojawapo wa misitu ya asili ya pwani iliyobaki. Mvua kubwa ni za masika, Machi hadi Mei, na za vuli huanza Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Septemba jua ni kali na majani hukauka, na hapo ndipo moto hupita. Kwenye miinuko udongo ni mwepesi wenye mchanga, maji hayakai. Mabondeni kuelekea Wami utakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao masika hunata miguuni na kiangazi hupasuka nyufa.

Kwa nini haraka ya kupanda? Kwa sababu kukata kunakwenda kasi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 ulipima jinsi misitu inavyoliwa kutoka Dar es Salaam kwenda nje. Mwaka 1991 uchomaji mkaa ulikuwa umetawala misitu iliyo umbali wa kilometa 20 hivi kutoka jijini. Kufikia mwaka 2005 ulikuwa umefika kilometa 50. Mbao za thamani, kama mninga na mkongo, zilikwisha mapema zaidi, na wakataji wake walikuwa wamevuka kilometa 200. Kwa hiyo mtu wa Miono asidhani kwamba yuko mbali na jiko la mkaa la Magomeni au Manzese. Jiko lile linamfuata.

Sasa tuchague. Swali la kwanza si "mti gani mzuri", maana hakuna mti mzuri wa kila kazi. Swali ni: unataka mti ukufanyie nini? Anayetaka kuni na nguzo za kujengea, mjohoro utamfaa, kwa sababu hukua haraka na ukiukata huchipua tena kutoka kisikini. Lakini asiupange katikati ya mahindi, maana mizizi yake hugombea maji na mazao. Anayetaka kivuli uani na dawa karibu, mwarobaini huvumilia ukame vizuri, ila hautaki maji yaliyotuama. Anayetaka fedha kila mwaka, anao mkorosho na mwembe. Anayetaka mbao za kuuza, anaweza kufikiria mtiki, mti wa Asia ambao leo unastawi katika mashamba ya Serikali ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro. Lakini mtiki wa mbao nzuri hutaka subira ya miaka 30 hivi. Mwenye shida ya karo mwakani asidanganywe nao.

Swali la pili ni udongo. Huo mtiki niliousema unataka udongo wenye kina usiotuamisha maji. Ukiupeleka kwenye mfinyanzi mweusi wa bondeni utadumaa, na utasema mbegu ilikuwa mbaya. Mkorosho vilevile ni mtoto wa mchanga. Pale bondeni afadhali uwaulize wazee ni miti gani ilikuwa ikiota kabla hapajafyekwa, kwani mara nyingi watakutajia aina za migunga. Mti ulioota penyewe miaka mia ni mtaalamu wa udongo ule kuliko mimi na wewe.

Wako waliolipima jambo hili kwa vitendo. Kule Bamburi, karibu na Mombasa, kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba mawe hadi kikaacha jangwa la mwamba mweupe, lisilo na udongo wala jani. Mwaka 1971 mtaalamu wake, René Haller, alijaribu kupanda aina 26 za miti. Iliyopona ni aina tatu tu. Mmoja ulikuwa mvinje, mti tunaoujua sisi sote wa pwani. Mvinje hustahimili chumvi na ukavu, na vijidudu vilivyomo katika mizizi yake huupatia chakula kutoka hewani. Lakini majani yake yaliyodondoka yalikaa juu ya mwamba bila kuoza. Haller akaleta majongoo. Ndiyo, majongoo haya haya tunayoyakanyaga. Yakala majani, kinyesi chake kikawa mboji, na mboji ikazaa udongo. Leo mahali pale ni msitu na bustani ya wanyama inayoitwa Haller Park. Fundisho si kwamba sote tupande mivinje. Fundisho ni kwamba bwana yule alijaribu kwanza kwa uchache, akaona kipi kinakubali, ndipo akapanda kwa wingi. Je, sisi tunaogawa miche 5,000 ya aina moja kwa kijiji kizima, tumejaribu hata 20?

Swali la tatu: mti huu ukifanikiwa kupita kiasi, itakuwaje? Maana upo mti unaoharibu kwa kushindwa, na upo unaoharibu kwa kushinda. Jirani zetu wa mkoa wa Tanga wanaujua wa pili. Katika milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, wakaleta mimea kutoka pembe nyingi za dunia. Mmoja ni mti ambao Waganda huuita musizi. Hukua upesi, nao walioupanda waliupenda. Baadaye, msitu wa asili ulipokatwa kwa ajili ya mbao, musizi uliingia kwenye mapengo, mbegu zake zikibebwa na hondohondo na ndege wengine, na umeenea mahali ambapo miti ya asili ingeota. Nchini Kenya, mwaka 2009, waziri wa mazingira wa wakati ule, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kando ya vyanzo vya maji ing'olewe, kwa kuwa hunywa maji mengi. Mkaratusi si adui. Kwa nguzo, juu ya mwinuko mbali na chemchemi, una kazi yake. Lakini kando ya kisima cha kijiji ni kosa, na atakayelipa ni mama atakayeongezewa safari ya ndoo.

Wasikilizaji, ipo namna moja ya kupanda ambayo haihitaji kiriba wala gari, nayo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Ni kuuacha mti uliokwishaota. Chukua mninga. Mche wake mchanga, kila kiangazi, hukauka juu kana kwamba umekufa, kumbe chini mizizi inaongezeka. Unaweza kufanya hivyo miaka kadhaa kabla ya kusimama na kuwa mti. Mtu asiyejua hupita na jembe, au na kiberiti, akasema hapa hapana kitu. Mpingo nao huchipua kutoka mizizini. Katika mashamba mengi ya Miono, vile visiki na machipukizi tunayoyafyeka kila mwaka ni kitalu cha bure. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka katika kila kisiki, yawekee alama, mengine yakate, na uzungushe kinga moto kabla ya Juni. Waliosema penye miti hapana wajenzi waliliona hili: tunapita juu ya mali tukienda kuomba miche mjini.

Nakuja sasa kwenye swali la mwisho, ambalo wataalamu wengi huliruka, nalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Mti huo ni wa nani?

Sisi watu wa pwani tunajua kwamba ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule. Mnazi, mwembe na mkorosho ni miti, na pia ni ushahidi. Ndiyo maana mtu akikuazima shamba hukuambia: lima mihogo, lima ufuta, lakini usinipandie mti wa kudumu. Hana roho mbaya. Anaogopa kwamba baada ya miaka kumi utasema shamba ni lako, au barabara ikipita utadai fidia ya mikorosho. Matokeo yake ni kwamba wale wanaolima ardhi ya kuazima, na akina mama wengi wanaolima ardhi ya waume au kaka zao, hawapandi chochote kinachoishi zaidi ya msimu mmoja. Tunawalaumu kwa uvivu, kumbe wamekatazwa.

Dawa ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi ya kijiji, na inaruhusu mtu kupata hatimiliki ya kimila. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Aliyeazima na aliyeazimwa waandikiane mbele ya uongozi wa kijiji: miti ni ya nani, itakatwa lini, na kila mmoja atapata fungu gani. Karatasi hiyo moja inaweza kupandisha miti mingi kuliko hotuba kumi, hii yangu ikiwemo.

Kwa aliyekwisha kujibu maswali hayo, kupanda kwenyewe si kugumu. Chimba shimo mapema, lenye upana na kina cha sentimeta 60 hivi, ukiweka udongo wa juu kando na wa chini kando. Ngoja mvua za masika zilowanishe ardhi vizuri, usidanganywe na manyunyu ya kwanza. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, urudishe. Chana kiriba ukitoe chote. Mzizi uliojiviringisha chini ukate, la sivyo utajinyonga baadaye. Shingo ya mche iwe sawa na uso wa ardhi. Tandaza majani makavu kuuzunguka, ila yasiguse shina. Weka miiba, maana mbuzi hana habari na kampeni. Mikorosho iachie nafasi ya meta 12 kwa 12. Leo utaona ni ufujaji wa ardhi, lakini ikisongamana itakosa hewa na jua, na ubwiriunga utapata makao.

Na viongozi wetu nawaomba jambo moja. Mwaka huu, mkiandika taarifa ya miti iliyopandwa, ongezeni safu mbili katika jedwali: ya miti iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza, na ya jina la mwenye miti hiyo. Ikiwa safu hizo zitakuwa tupu, basi tulipanda takwimu.