Mbona Aliahidi Kuacha na Akarudi?

Katika vikundi tunavyotembelea, swali hili haliishi. Mwenzetu aliahidi mbele ya wote kwamba ameacha chang'aa, na wiki mbili hazijaisha amerudi. Wengi husema ni kiburi, wengine ati amerogwa. Tuangalie kilichomo kichwani.

Ubongo wa mtu una seli za neva karibu bilioni 86, na ulevi hauzigusi zote sawasawa. Mwaka wa 1954, James Olds na Peter Milner, huko Montreal, Kanada, waliingiza waya mwembamba katika ubongo wa panya. Panya akibonyeza kibao, umeme kidogo unasisimua sehemu fulani. Basi panya wengine walibonyeza mamia ya mara kwa saa moja!

Baadaye ikajulikana kwamba kazi hiyo hutegemea sana seli chache za ndani, hazifiki hata milioni moja, zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Chakula kitamu huziamsha kwa kiasi. Nikotini ya sigara huzigonga moja kwa moja. Heroini ina ujanja wake: inanyamazisha seli jirani ambazo kazi yake ni kuzifunga breki. Pombe nayo huziamsha. Mambo yakiendelea hivyo miaka, seli zinazopokea dopamini hupunguza milango yao. Hapo ugali, watoto, hata ngoma ya harusi, vyote vinakosa ladha, ila chupa tu. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba milango hiyo huweza kubaki michache hata miezi kadhaa baada ya mtu kuacha. Wiki mbili ni nini?

Siku hizi wanasayansi wanachora ramani ya seli hizi, moja moja. Ramani ya ubongo wa mtu iliyotolewa mwaka wa 2023 ilionyesha aina zaidi ya 3,000 za seli. Wengine huko Marekani wanachunguza hivyo ubongo wa marehemu waliotumia madawa kama heroini, wakiwemo waliokuwa na virusi vya ukimwi, wajue ni seli zipi zimebadilika. Dawa ya kutokana na ramani hii tusiingojee kesho.

Lakini jambo moja lisingoje. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka msimfungie nyumbani ati aache ghafula. Akianza kutetemeka, kuona visivyokuwapo au kupata kifafa, anaweza kufa. Mpelekeni hospitali upesi, hata kama ni usiku.