Benchi la Mama Lishe

Ukitaka kuujua mji wa Dar es Salaam, anzia Kariakoo alfajiri, mama lishe anapoinjika sufuria ya supu na kukanda unga wa chapati. Jina la mtaa huu linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Soko lake, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Lakini walaji wa mtaa hawalishwi na jengo. Basi ukiketi bencini, kati ya mchukuzi na karani, usiondoke kwa ahadi ya “kesho”. Daftari na sare za wanawe zimo sufuriani humo.