Mwenye Bendera ya Saa Nne

Tarehe 28 Septemba 2003, mjini Berlin, Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa muda wa saa 2:04:55. Aliyemfuata kwa tofauti ya sekunde moja tu alikuwa Mkenya mwenzake, Sammy Korir, ambaye aliingia katika mbio hizo kama mwekaji kasi. Miaka tisa kabla ya hapo, Los Angeles, Paul Pilkington alilipwa awaongoze wenzake sehemu ya mwanzo ya safari. Alipoona hakuna anayemfuata kwa karibu, aliendelea hadi mwisho na kushinda mbio zenyewe. Halafu kuna Vienna, Oktoba 2019, ambako Eliud Kipchoge alikimbia saa 1:59:40 akiwa amezungukwa na wawekaji kasi 41 waliokuwa wakipokezana.

Wawekaji kasi wa namna hiyo ndio tunaowaona kwenye televisheni. Wana mikataba, wanalipwa, na kwa kawaida hutoka barabarani mbio zikiwa bado mbichi. Mimi nataka kumzungumzia mwingine, yule anayekimbia huku nyuma kwenye umati akiwa na kibendera mgongoni kilichoandikwa 4:00 au 4:30. Halipwi, na siku hiyo hautafuti muda wake mwenyewe. Ametoa ahadi moja: atakayekaa naye tangu mwanzo atavuka mstari ndani ya muda ulioandikwa. Nimeifanya kazi hiyo na ninaipenda. Wengi hudhani ni kazi ya kukimbia mbele na kupiga kelele za kutia moyo, lakini kwa sehemu kubwa ni kazi ya kuzuia.

Tuanze na hesabu. Marathoni ni kilomita 42.195. Ukitaka kuimaliza kwa saa 4, kila kilomita ikuchukue dakika 5 na sekunde 41. Asubuhi ya mashindano kasi hiyo huonekana ya kitoto. Mwili umepumzika, muziki unapigwa, watu wanashangilia, na kila mtu anajiona anaweza kwenda kwa dakika 5 na sekunde 15 bila taabu. Akikimbia hivyo kilomita 10, atakuwa amejiwekea akiba ya dakika 4 na ushee. Tatizo ni kwamba akiba hiyo ameikopa mwilini. Misuli na ini huhifadhi wanga uitwao glaikojeni, na kwa wakimbiaji wengi hautoshi kuwafikisha mwisho. Kadiri unavyoongeza kasi, ndivyo mwili unavyoula wanga huo na kuyaacha mafuta. Ndiyo maana watu wengi huishiwa nguvu kuanzia kilomita ya 30 hivi. Anayeporomoka hadi dakika 7 kwa kila kilomita katika zile 10 za mwisho hupoteza zaidi ya dakika 13. Zile nne alizojivunia asubuhi haziwezi kumwokoa.

Kwa hiyo katika kilomita za mwanzo maneno yangu ni yale yale. "Dada, taratibu, safari bado." "Kaka, mwache apite, tutamkuta." Wapo wanaokasirika na kuondoka. Siwafuati. Nikiwafuata, nitakuwa nimewasaliti walioamua kuniamini.

Jambo la pili linawatatiza hata wakimbiaji wazoefu: saa ya mkononi. Njia ya marathoni iliyothibitishwa hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa maalumu cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kupita, sentimita 30 tu kutoka ukingoni kwenye kona. Isitoshe, kila kilomita huongezewa mita moja ili njia isije ikapungua. Nani hukimbia mstari huo? Karibu hakuna. Tunapita kona kwa nje, tunakwepa watu, tunavuka barabara kufuata maji. Na saa zenyewe hukisia umbali kwa satelaiti, na hukosea hasa katikati ya majengo marefu. Si ajabu kabisa kufika mwisho saa ikisoma kilomita 42.6. Sasa fanya hesabu: mtu aliyeshikilia dakika 5 na sekunde 41 za saa yake kwa kilomita 42.6 atavuka mstari kwa saa 4 na dakika 2 na sekunde kadhaa. Ametii saa yake mwanzo hadi mwisho na bado lengo limemponyoka.

Ndiyo sababu mwekaji kasi makini hategemei kasi inayoonyeshwa kwenye kioo. Mkononi hufunga kipande cha karatasi kilichobandikwa utepe wa plastiki juu kisilowe jasho, kimeandikwa muda wa kupita kwenye vibao vya barabarani: kilomita 10 kwa 56:53, nusu ya safari kwa 2:00:00, kilomita 30 kwa 2:50:38. Akifika kwenye kibao anabonyeza saa kwa mkono na kulinganisha na karatasi yake.

Ukiamua kumfuata, mwulize mapema anahesabu kuanzia wapi. Katika mbio zenye watu wengi, dakika kadhaa huweza kupita tangu bunduki kulia hadi wewe kugusa mstari wa kuanzia. Kama chipu yako imeanza dakika 3 baada ya yake, basi ukiwa bega kwa bega naye uko mbele ya lengo lako kwa dakika 3. Tulia. Huna haja ya kujiua ukimfukuza.

Milima nayo ina hesabu yake. Chukua Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ambako baada ya sehemu tambarare ya mwanzo wakimbiaji hupanda kuelekea Mweka kabla ya kuteremka tena mjini. Kung'ang'ania kasi ileile kwenye mlima kama ule ni kuwachosha watu bure. Kinachopaswa kubaki sawa ni pumzi: kundi liweze kusema sentensi nzima likipanda, lipoteze sekunde bila hofu, kisha lizirudishe kidogo kidogo likiteremka.

Baada ya kilomita ya 35 kazi hubadilika. Wenye nguvu nawaambia watangulie, na hakuna ninachokifurahia kuliko kuwaona wakinipita. Lakini wapo wanaobaki nyuma, na hapo pana uchungu. Mtu mliyekuwa naye saa tatu nzima, umeshajua jina lake na sababu yake ya kukimbia, anakuambia kwa sauti ndogo, "Nenda tu, mimi nitafika." Huwezi kusimama, kwa sababu bendera ni ya wote walioshikilia kundi. Ninachoweza ni kumwambia akanyage hatua fupi, anywe kituo kinachofuata na asikae chini. Sijapata kuizoea hali hiyo, na nadhani atakayeizoea aiache kazi hii.

Mbio za barabarani zimeenea sana katika miji yetu, na wanaoingia kwa mara ya kwanza huachwa wajifunze kasi kwa kuumia. Mwandaaji anayegharamia fulana na medali anaweza kupata vibendera vichache na watu wa kuvibeba. Nawe mkimbiaji mzoefu, kama muda wako bora ni saa 3 na nusu, unaweza kubeba bendera ya saa 4 huku ukiongea. Mwandikie mwandaaji wa mbio za mji wako umwambie uko tayari, na ufanye hivyo mapema, kabla usajili haujafungwa.