Mgeni Akipewa Jembe: Khabari ya Wazigua wa Chogo



Wazee wetu wametuachia msemo ambao kila mtoto aujua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu twautaja kwa mzaha, ili mgeni aone haya na kufunga mzigo wake. Lakini mwenye kuutazama vizuri ataona kuwa una maana bora kuliko hiyo. Anayempa mgeni jembe amwambia: baki nasi, ulime, ule jasho lako. Na kwa kuwa jembe halilimi hewani, mwenye kulitoa hana budi kumwonyesha mgeni wake shamba, na kumjulisha mpaka wake wapi. Jembe, shamba na mpaka: mambo hayo matatu ndiyo ambayo leo serikali za dunia huyaandika katika karatasi, zikayaita kibali, ukaazi wa kudumu, au uraia.

Mtu aliye katika nchi ya watu yumo katika moja ya daraja tatu. Wa kwanza ni mpita njia, aliyepewa ruhusa ya siku chache, akatembea, akauza au akazuru jamaa zake, kisha akarudi kwao. Wa pili ni mwenye kibali chenye mwisho wake, ambaye kila muda ukikaribia kwisha moyo wake hupiga, kwani hajui kama kitahuishwa au atarudishwa. Wa tatu ni yule aliyepewa kukaa daima, akalala usingizi wake bila ya kuhesabu siku. Hapa kwetu Tanzania vibali vya ukaazi, vya daraja A, B na C, vyote vina mwisho wake. Mwenye kutaka kukaa umri wake wote pasi na kuhuisha kibali, njia yake ni kuomba uraia. Nchi nyingine, kama Marekani, zina daraja moja katikati, yaani ukaazi wa kudumu, ambao mwenye nao huishi na kufanya kazi atakapo, ingawa hapigi kura ya kuchagua rais wala hana pasipoti ya nchi hiyo.

Kutaka kujua mambo haya yana uzito gani katika maisha ya mwanadamu, si lazima twende mbali. Tutoke hapa Tanga mjini, tupande hadi Handeni, tufike mahali paitwapo Chogo. Hapo wanakaa watu ambao khabari yao yafaa isimuliwe katika kila nyumba.

Baina ya miaka ya 1830 na 1840 nchi ya Uzigua ilipatwa na ukame na njaa kali. Katika dhiki ile watu wengi waliteremka pwani kutafuta chakula. Wazee wa watu hawa husimulia kuwa babu zao walihadaiwa kwamba ng'ambo ya bahari iko kazi na shibe, na kwamba njaa ikiisha watarudishwa kwao. Wakapandishwa majahazini, na waliposhuka katika miji ya Benadir, kama Barawa, Marka na Mogadishu, walijikuta wamekwisha kuuzwa. Wakatumikishwa katika mashamba, pamoja na wengine waliochukuliwa kutoka kusini, Wayao, Wamakua na Wanyasa.

Lakini hawakuisahau nafsi yao. Wengi walitoroka, wakauelekea mto Juba, wakaingia katika msitu mkubwa ulioitwa Gosha, na huko wakajenga vijiji vyao wenyewe. Simulizi zao zamtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza katika safari ile. Walifyeka, wakalima, wakaingia katika Uislamu, wakazaa na kujukuu. Juu ya yote hayo lugha ya Kizigua haikutoka katika vinywa vyao. Mama aliimfundisha mtoto, na mtoto alipokuwa mama akamfundisha wake. Zaidi ya miaka 100 ikapita, na wao hawajaacha kusema kuwa kwao ni kusini, katika nchi yenye milima.

Somalia ilipopata uhuru wake mwaka 1960 waliwa raia kama wengine, lakini katika macho ya majirani wengi walibaki watu wa chini. Basi serikali ilipoanguka mwaka 1991 na vita vikaenea, wao walikuwa wanyonge kuliko wote. Hawakuwa na silaha wala ukoo wenye nguvu wa kuwakinga, na ghala zao zilikuwa na nafaka. Wenye bunduki wakawaendea. Wengi walikimbilia Kenya kwa miguu, wakafika kambi za Dadaab. Wengine wakashika njia ya bahari kuja kusini, na baadhi yao wakafika mkoa wetu huu wa Tanga. Serikali ikawaweka katika kambi ya Mkuyu, huko Handeni, katika nchi ile ile ambayo babu zao waliiacha kwa njaa.

Tafakari, ewe msomaji. Watu wametoka mahali kwa jahazi, na wajukuu wao wamerudi pale pale baada ya kiasi cha miaka 150. Waliposema, wenyeji wa Handeni waliwafahamu. Maneno yalikuwa yale yale, ingawa mengine yalikwisha kuzeeka. Mtu angedhani kuwa hapo shughuli imekwisha: damu ni moja, lugha ni moja, dini ya wengi ni moja; basi na waingie nyumbani, mlango ufungwe.

Haikuwa hivyo, wala haingeweza kuwa hivyo. Mbele ya sheria walikuwa wageni, wakimbizi kutoka nchi nyingine. Mkimbizi aweza kukaa miaka 10 mahali pamoja, na asiwe na haki ya kwenda atakako bila ya ruhusa, wala asijue kama kesho ataambiwa arudi. Damu haikuwatoa katika hali hiyo. Kilichowatoa ni mambo mawili: ardhi na hati. Kwanza ilitengwa ardhi ya Chogo, wakahamishiwa huko kutoka Mkuyu mwaka 2003, wakapata mahali pa kujenga na kulima. Kisha serikali ikawafungulia mlango wa kuomba uraia wa tajinisi, yaani ule ambao mtu hazaliwi nao bali huuomba akapewa. Kufika mwaka 2009 zaidi ya watu elfu moja miongoni mwao walikuwa wamekwisha kuupata, na wengine wakafuata baadaye.

Yafaa tujue sheria yenyewe yataka nini, kwani wengi huisema bila ya kuijua. Sheria ya Uraia ya Tanzania ni ya mwaka 1995. Mgeni mtu mzima anayeomba tajinisi hutakiwa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Hutakiwa ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, awe amelifaa taifa au aonekane kuwa atalifaa, na awe na nia ya kukaa daima. Akikubaliwa huuacha uraia wake wa kwanza, kwani mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili, kisha hula kiapo cha utii. Haya ndiyo maana ya jembe kwa lugha ya leo: nchi hutoa, na mgeni naye hutoa.

Ama wale waliobaki Dadaab, mambo yao yalikwenda njia nyingine. Ilitafutwa nchi ya kuwapokea katika kusini hii hii ya asili zao, isipatikane kwa wote. Mwishowe Marekani ikakubali kuwachukua kiasi cha watu 12,000, na kuanzia mwaka 2003 wakaanza kufikishwa huko. Mkulima wa mto Juba akajikuta katika miji ya theluji, kama Lewiston katika jimbo la Maine. Kwa sheria ya huko mkimbizi akisha timiza mwaka mmoja huomba ukaazi wa kudumu, na akitimiza miaka 5 huweza kuomba uraia, akatahiniwa kusoma na kuandika Kiingereza pamoja na khabari za serikali ya nchi. Fikiri taabu ya mama mtu mzima ambaye hakupata kushika kalamu. Hata hivyo wako waliokaa madarasani pamoja na vijana, wakajifunza, wakafaulu. Basi ndugu wawili waliotengwa na vita, mmoja akawa raia wa Tanzania na mmoja raia wa Marekani, na Kizigua chao ni kimoja.

Twajifunza nini katika haya? Jambo la kwanza ni kuwa mapenzi ya watu bila ya maandishi hayamtoshi mgeni. Jirani zetu wa Kenya wametupa mfano ulio karibu. Katika pwani za Kilifi na Kwale waliishi Wapemba, wavuvi waliovuka kutoka kwetu miaka mingi iliyopita, wakaoa na kuzaa huko. Majirani waliwajua na kula nao, lakini hawakuwa na vitambulisho. Na asiye na kitambulisho hapati leseni ya kuvua, hafungui akaunti ya benki, na mtoto wake husoma kwa mashaka. Wamakonde walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa na katani walikuwa katika hali hiyo hiyo, hata mwaka 2016 wakafunga safari kutoka Kwale mpaka Nairobi kudai haki yao, wakapewa. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Wote hao walipendwa na jirani zao, na bado kwa miaka mingi walikosa mkate kwa kukosa karatasi.

Wala dini yetu haikudharau karatasi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Bakara, inahusu nini? Inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la dirhamu chache limeamrishwa liandikwe, je, makazi ya mtu na haki ya watoto wake?

Jambo la pili lawahusu wenyeji. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alipohamia Madina aliwafunga udugu Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabia alimwonyesha Abdurrahmani bin Aufi mali yake, akamwambia achukue nusu. Abdurrahmani akamwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko liko wapi. Ni kisa cha watu wawili, na kila mmoja alifanya lililompasa: mwenyeji hakubana, na mgeni hakulemea. Basi si uungwana, mtu amekwisha kula kiapo na kupata hati yake, nasi tuendelee kumwita wakuja au mkimbizi. Na sisi wa Tanga tuna nini cha kujivunia katika hilo? Hata katani iliyoukuza mji huu ni mgeni. Mbegu zake zililetwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Wakaja na manamba kuilima, kutoka bara, kutoka Rwanda na Burundi, na kutoka Msumbiji. Katika vyuo vyetu vya Nguvumali, ukiwauliza watoto majina ya babu zao utasikia majina ya nusu ya Afrika, nao wote husoma juzuu moja juu ya mkeka mmoja.

Jambo la tatu lamhusu mgeni mwenyewe, nalo ndilo zito. Shida humshawishi mtu kuchukua njia ya mkato. Wako ambao, kwa kukosa kitambulisho, hujiandikisha kwa kabila lisilo lao, au humtaja mtu baki kuwa ndiye baba, ili cheti kipatikane upesi. Twajua dhiki iwapeleka huko, wala hatuwacheki. Lakini Sura ya Ahzabu imeamrisha watu waitwe kwa baba zao. Mwenye kumwuza baba yake kwa karatasi amewaachia watoto wake uwongo watakaoubeba katika mirathi, katika ndoa na mbele ya mahakama. Na siku ukifichuka, hata kile alichokipata hunyang'anywa. Wazigua wa Chogo walikuwa na dai la damu kuliko wengi, na juu ya hayo walijaza fomu kama wageni, wakangoja zamu yao. Na waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972 walingoja zaidi: watu 162,156 walikubaliwa uraia mwaka 2010, na hati zao hazikutolewa mpaka mwaka 2014.

Basi enyi wazazi, kila mmoja na atazame sanduku lake. Mtoto amezaliwa, aandikishwe. Usingoje mpaka atakiwe cheti shuleni. Hati ya ndoa, cheti cha kifo cha babu, risiti ya shamba, kibali cha zamani kilichokwisha muda: yote yahifadhiwe mahali pamoja pasipo na maji wala mchwa, na mtoto mkubwa ajulishwe yalipo. Waandikeni wazee, maadamu wako hai: nani alitoka wapi, lini, na alifikia kwa nani. Jirani yako akiwa ni mgeni asiyejua kusoma, msomee barua yake ya uhamiaji, na umsindikize ofisini. Hiyo ni sadaka isiyokugharimu ila nauli.

Wazigua walichukuliwa bila ya kuulizwa, na hakuna aliyewaandikia hati. Wajukuu wao wamerudi, wameulizwa, wameapa, wameandikwa. Waliopewa jembe wameshika mpini. Nasi tusiwaulize tena wataondoka lini.

Mwenyezi Mungu awape makazi mema wote wasio na makazi, na atujaalie sisi kuwa wenyeji wema. Wabillahi taufiki.