Mgonjwa aliyeungua: analala, lakini hapumziki

Ndugu wanafunzi, tukienda ku hospitali kumwangalia mtu aliyeungua na petroli ya taa, tunamkuta amelala kimya, na tunasema: anapumzika. Si vile hata kidogo.

Ngozi nyingi ikiungua, mwili wote unaingia kazini. Vidonda vinatoa maji, na maji yale yakikauka yanaondoka na joto. Adrenalini inabaki juu kwa majuma mengi, moyo unakimbia, na mwili unaanza kula nyama yake wenyewe ya mikono na miguu. Mwenye vidonda vikubwa anaweza kutumia nguvu karibu mara mbili kuliko mtu mzima aliyelala tu.

Tupige hesabu. Katika mwaka 1974 munganga Curreri wa Marekani alisema: mpe mtu mkubwa kalori 25 kwa kila kilo yake, tena 40 kwa kila sehemu moja kwa mia ya ngozi iliyoungua. Mwenye kilo 60 aliyeungua 40 kwa mia: 1500 na 1600, ni 3100. Leo waganga wanaona hesabu ile mara nyingi inazidisha, lakini inatuonyesha ukubwa wa kazi.

Na usingizi? Maumivu, miwasho, taa na kubadilishwa bandeji vinaukatakata. Ule usingizi mzito, saa mwili unapotoa homoni ya kukua, unakuwa kidogo sana. Basi sisi wa korali, tunaopenda kuimba pembeni ya kitanda hata saa tatu ya usiku, tuende mchana. Na munganga akikubali, tubebe mayai, maharagi na samaki, haiko chai tu.